Mifupa iliyoshuka Tendaguru kichwani

Wengi wakiingia kwenye ukumbi ule wa makumbusho ya Berlin huinua nyuso kwanza. Si ajabu. Shingo ya yule dinosaria inapanda, inapanda, mpaka karibu na paa la vioo, na ncha ya juu kabisa iko mita 13 na sentimita 27 kutoka chini. Mimi macho yangu yalinasa huku chini. Yalinasa kwenye mfupa mmoja wa mguu wa mbele, ule unaotoka begani kuja kwenye kiwiko, kwa sababu niliona una nyufa.

Ni mfupa wa kweli, si nakala. Urefu wake ni mita 2.13, yaani mtu mrefu kabisa unayemjua akisimama sambamba nao bado utampita. Nyufa zenyewe zimezibwa kwa ustadi, lakini ukikaza jicho utaziona: mstari mwembamba kama uzi wa kushonea unauzunguka mfupa, unapotea, unaibuka upande wa pili. Chini yake kuna mwingine. Na pale mfupa unapopanuka kuelekea begani kuna kiraka laini, kisicho na vile vitundu vidogo vidogo vinavyoonekana sehemu nyingine. Nilianza kuzihesabu, nikafika mahali hesabu ikanipotea, nikaanza upya.

Mfupa huu haukufika Berlin ukiwa mmoja. Ulifika vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na mtu wake.

Mimi ni mtoto wa Lindi. Kilima cha Tendaguru kiko kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wetu, na habari za mjusi wa Tendaguru nimezisikia tangu nikiwa mdogo, kama mtu anavyosikia habari za mjomba aliyeondoka zamani na kutulia ughaibuni. Kila mtu anajua yuko Ujerumani. Kila mtu anajua ni mkubwa. Zaidi ya hapo, kimya. Kwa hiyo nilipopata mafunzo ya wiki tatu Berlin, Jumamosi ya kwanza sikuuliza habari ya mahali pengine. Nilikwenda moja kwa moja mtaa wa Invalidenstraße, kwenye Museum für Naturkunde, huku baridi ya Novemba ikinipenya hadi kwenye mifupa yangu mwenyewe.

Sisi tunamwita mjusi, na hata bungeni neno ndilo hilo. Nilikuwa naliona neno la kawaida tu mpaka nilipomsimamia mbele. Mjusi anatambaa, viwiko vyake vimetoka nje, tumbo liko karibu na ukuta. Huyu anasimama juu ya miguu minne iliyonyooka kama nguzo za msikiti. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo wote unateremka kutoka mabegani kuja mkiani, kama twiga. Lakini kumbe jina letu lina historia yake hata ndani ya ukumbi ule. Mifupa hii iliposimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, wataalamu wenyewe waliisimamisha kimjusi: viwiko vya miguu ya mbele vilipanuliwa nje, kama mnyama anayetaka kupiga pushapu. Alikaa hivyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 2005 wakamshusha mfupa mmoja mmoja wakati jengo likikarabatiwa, na aliposimamishwa tena mwaka 2007 miguu ilinyooshwa, maana elimu ilikuwa imesonga mbele na kuonyesha kwamba mnyama wa uzito ule hawezi kujibeba akiwa amechuchumaa. Kwa kunyoosha miguu na shingo tu akaongezeka zaidi ya mita nzima. Leo anatambuliwa kuwa mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa juu kuliko yote duniani.

Niseme pia kwamba si kila unachokiona pale ni mfupa halisi, na hata mifupa halisi haikutoka kwa mnyama mmoja. Sehemu kubwa ni ya mnyama mmoja, mapengo yakajazwa kwa mifupa ya wenzake wa ukubwa unaokaribiana. Pingili za shingo na mgongo ni nakala, kwa kuwa zile za kweli ni nzito mno kuning'inizwa hewani na ni laini mno kuhatarishwa. Fuvu lililo juu nalo ni nakala. Sikuona hilo kuwa udanganyifu. Lilinifanya niipende zaidi ile miguu, ambayo naweza kusema kwa uhakika: hii ilikuwa ardhini kwetu.

Na ardhi yetu haikuwa kama ilivyo leo. Miaka milioni 150 hivi iliyopita Tendaguru ilikuwa pwani. Tabaka za mwamba zenye mifupa ya wanyama wa nchi kavu zimepishana na tabaka zenye kombe na viumbe wengine wa baharini, kwa sababu bahari ilikuwa ikija na kurudi, ikiacha vidimbwi, matope na fungu za mchanga. Hawa wanyama walikufa kando ya maji, matope yakawameza. Mimi nimekulia ufukweni, nimezama hadi magotini kwenye tope la mikoko wakati maji yamekupwa, na ninajua jinsi tope linavyoushika mguu na kutotaka kuuachia. Sikuwahi kufikiri kwamba jambo lile lingeweza kumpata kiumbe wa tani nyingi, mahali palepale nilipozaliwa.

Vitabu vinasimulia kwamba mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, akipita karibu na Tendaguru, aliona mfupa mkubwa umechomoza kandokando ya njia. Ndipo hadithi ya “ugunduzi” inapoanzia. Sikubaliani na mwanzo huo. Mfupa uliochomoza kando ya njia hauwezi kuwa siri kwa watu wanaoipita njia hiyo wakienda shambani. Sattler alichofanya, na kilikuwa na uzito wake, ni kupeleka habari kwa watu waliokuwa na fedha na meli. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas, mtaalamu kutoka Stuttgart, akachimba kidogo huku akiugua, akarudi kwao na ushahidi. Berlin ikawaka moto. Miaka hiyohiyo tajiri wa Marekani Andrew Carnegie alikuwa amemzawadia Kaizari nakala ya plasta ya dinosaria wa Marekani, Diplodocus, na nakala hiyo ilisimamishwa Berlin mwaka 1908. Sasa ikapatikana nafasi ya kuwa na mijusi yao wenyewe, ya mifupa, tena kutoka koloni lao. Fedha zikachangishwa, na kuanzia 1909 hadi 1913 msafara ukapiga kambi Tendaguru chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck.

Eneo lile lilitangazwa kuwa ardhi ya dola. Kwa tamko hilo wenyeji hawakuwa tena na neno juu ya kitakachotoka chini ya miguu yao.

Angalia tarehe hizo. Vita vya Majimaji vilianza 1905 na kuzimwa 1907, na kusini ndiko moto ulikowaka. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikamaliza waliobakizwa na risasi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kati ya 75,000 na 300,000. Kambi ya Tendaguru ilifunguliwa miaka miwili tu baadaye, katika nchi hiyohiyo, miongoni mwa watu haohao. Nilisoma mahali kwamba wafanyakazi walipatikana kwa urahisi. Lazima wangepatikana. Mtu aliyezika wanawe kwa njaa juzi haulizi kazi ni ya nini. Anauliza atalipwa nini na atakula nini.

Walifika karibu 500 kwa wakati mmoja misimu ilipochanganya, wengi wakiwa na wake zao na watoto, na kilima kikawa kijiji. Walichimba mashimo na mahandaki marefu. Walijifunza kuutambua mfupa kabla haujaonekana wote, kuusafisha kwa kisu na brashi, kuugandisha usisambaratike, kuupaka udongo au plasta, kuuzungushia nyasi, kisha kuufunga ndani ya mapipa yaliyotengenezwa kwa mianzi. Mapipa hayo ya mianzi ndiyo yaliyonishika roho kuliko kitu kingine chochote katika habari hii yote, kwa sababu baadhi yake hayajafunguliwa mpaka leo. Yamo Berlin, yamekaa kwenye stoo zaidi ya miaka 100, na ndani yake kuna mfupa uliofunikwa na mtu wa kusini kwa mikono yake, fundo likiwa palepale alipolikaza.

Kisha safari. Tendaguru hapakuwa na reli wala barabara ya gari, na ng'ombe au punda wasingeweza kuvuta mizigo kwa sababu ya ndorobo. Kilichobaki ni vichwa vya watu. Kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi ulikuwa mwendo wa siku tatu hadi nne, na kwa njia hiyo zilishuka zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yaliyoishikilia. Mzigo wa kawaida wa mpagazi enzi hizo ulikuwa kilo 30 hivi. Gawanya mwenyewe: unapata safari elfu sita na ushee. Ni hesabu ya juu juu, maana iko mizigo mizito zaidi iliyofungwa kwenye mpiko ikabebwa mabegani na watu wawili au zaidi. Hata ukikosea kwa elfu moja au mbili, bado ile ni njia iliyochongwa na nyayo. Lindi mifupa ikapakiwa melini, ikaenda Hamburg, halafu Berlin, ambako kazi ya kuunganisha vipande ilichukua zaidi ya miaka 20 hadi ule mwaka 1937.

Tuje kwenye majina, kwa sababu hapa ndipo niliposhindwa kutulia.

Mwaka 1914 Janensch alimpa mnyama wetu jina: Brachiosaurus brancai. Sehemu ya kwanza aliitoa kwa mnyama wa Colorado, Marekani, aliyepewa jina mwaka 1903. Sehemu ya pili ni ya Wilhelm von Branca, bosi wa taasisi na makumbusho kule Berlin, aliyehangaika kutafuta fedha za msafara. Baadaye wataalamu waliona kwamba mnyama wa Tendaguru anatofautiana na yule wa Marekani vya kutosha kuwa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la ukoo, na leo anaitwa Giraffatitan, jitu la twiga. Jina la kwanza limebadilika, lakini brancai limebaki, kwa kuwa kanuni za kutaja viumbe zinalinda jina la spishi. Litabaki.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Iko picha yake ya kambini akiwa kando ya mfupa mkubwa, na maandishi ya wale wanasayansi wenyewe yanaonyesha walimtegemea kweli: yeye alijua pa kuchimba, yeye aliwafunza wengine, yeye ndiye aliyekabidhiwa mifupa iliyo dhaifu. Sayansi ilimlipa jina lake mwaka 2007. Mtafiti Kristian Remes, alipochunguza upya pingili mbili za shingo kutoka Tendaguru, aliona ni za dinosaria ambaye hakuwa ametajwa, akamwita Australodocus bohetii. Karibu karne nzima imepita. Na mnyama mwenyewe ni wa pingili chache tu, hana mguu wala fuvu la kusimamisha ukumbini. Ninashukuru kwamba jina lipo. Sitasema kwamba linatosha.

Habari njema ni kwamba lugha yetu imeanza kuingia kwenye orodha hizo kwa mlango wa mbele. Mwaka 2010 alitajwa Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosaria, kutoka kusini mwa Tanzania. Mwaka 2017 akaja Shingopana songwensis wa Songwe. Hilo halihitaji kufafanuliwa na mtu. Na mwaka 2019 akaja ninayempenda kuliko wote, Mnyamawamtuka moyowamkia. Mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Aliyelichagua aliona pingili za mkia zina umbo la moyo, akasema hivyo kwa Kiswahili, bila kuzunguka. Kila ninapolitamka nasikia mtu anayesimulia jioni. Mtoto wa Songwe akilikuta kitabuni ataelewa mnyama ni wa wapi na ana nini, kabla hata hajaiona picha.

Waingereza nao walikuja kuchimba Tendaguru kuanzia 1924 hadi 1931, na kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria hapohapo Lindi mwaka 1925. Mzigo wao ulikwenda London, na unazungumzwa kidogo mno. Nautaja ili tusidhani deni ni la mji mmoja.

Mjusi wetu arudi au asirudi? Swali hili limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja, na jibu la Serikali kwa muda mrefu limekuwa kwamba gharama na utaalamu ni mkubwa, afadhali tushirikiane na Wajerumani katika utafiti na mafunzo. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa wakati wa Majimaji. Nilidhani baada ya siku ile tungesikia mengi kuhusu mifupa. Sikusikia mengi.

Mimi nina maoni yangu na sitayaficha. Sidai ule ukumbi ubomolewe kesho. Nimeona watoto wa Kijerumani wamelala chali sakafuni wakimtazama, midomo wazi, na sikuweza kuwachukia. Lakini hoja ya kwamba kule mifupa iko salama na kwetu ingeharibika, hiyo siikubali. Jengo lile lilipigwa mabomu mwaka 1945 na sehemu yake ikaporomoka. Mnyama wetu alisalimika kwa kuwa alikuwa amefunguliwa na kufichwa chini. Usalama unatengenezwa. Haukuzaliwa Berlin. Ninachokitaka ni mifupa ya kweli Lindi: angalau mkono mmoja, kuanzia bega hadi kidole, usimame mahali ambapo mwanafunzi wa Mchinga anaweza kuufikia kwa basi na kurudi nyumbani jioni. Wakati huohuo moja ya yale mapipa ya mianzi lifunguliwe hapahapa, na vijana wetu waliosomea kazi hiyo, fundo likafunguliwe mbele ya watu wa ukoo uliolifunga.

Niliporudi, nilikwenda kumsalimia bibi, mama yake mama. Ana zaidi ya miaka 80 na macho yake bado yanaona vizuri. “Shikamoo bibi.” “Marahaba mjukuu wangu, umekonda.” Nikampa simu atazame picha. Picha ya mnyama mzima aliipita upesi. Aliniuliza tu kama ni mbao. Picha ya mfupa mmoja, ule wenye nyufa, aliikalia. Nikamweleza urefu. Nikamweleza kwamba vilikuwa vipande, vikabebwa kutoka Tendaguru mpaka Lindi.

“Enzi za Mdachi,” akasema. Haikuwa swali.

Akanieleza kwamba kijijini kwao, yeye akiwa msichana, alikuwapo mzee mmoja aliyependa kusema baba yake alibeba mizigo ya Wadachi mpaka baharini. Walimsikia mara nyingi, mpaka wakawa hawamsikilizi. Hakuna aliyemuuliza ilikuwa mizigo gani. Bibi alirudia hilo mara mbili, polepole, simu ikiwa bado mkononi. Hakuna aliyemuuliza.

Halafu akataka kujua uzito. Nikasema kilo 30 kwa mtu. Akauliza njia ilikuwa na vilima, nikasema ndiyo. Akauliza ilikuwa masika au kiangazi, na hapo nikakwama. Akanyanyuka, akachukua kanga kwenye kamba, akaikunja urefu, akaizungusha kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto mpaka ikawa ngata nzito, iliyobana, yenye tundu katikati. Akaniwekea kichwani akaisukuma kidogo mbele. Uani palikuwa na ndoo ya lita 20 imejaa maji. Tukasaidiana na mtoto wa jirani kuitwika.

Sikuwa nimebeba ndoo kichwani tangu nimalize shule. Maji yalicheza, nikahisi shingo yote inaitika, kila pingili kwa zamu yake. Nikatazama chini nione pa kukanyaga.

“Usiangalie chini,” bibi akasema nyuma yangu. “Shingo iwe wima. Ukiinama tu, kimeanguka.”